Mtamba wa Mama Limi

Baba,

Nilitaka kuanza kwa shikamoo, mkono ukakataa. Nimechana karatasi mbili. Basi naiacha ibaki hivyo, maana wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba salamu isiyotoka moyoni ni kelele, na leo moyoni sina ya kukupa.

Nakuandikia kutoka Shinyanga, chumbani kwangu nyuma ya shule. Mvua za kwanza zimekwisha kunyesha juu ya kaburi lako, na sengi Holo, dada yako, amenipa habari kwamba udongo umebonyea upande wa miguuni. Mdogo wako Maganga aliahidi kuujaza. Hajaujaza. Ana kazi nyingi siku hizi, anachunga ng'ombe wako.

Nataka ujue yaliyotokea tangu tulipokuzika, kwa sababu uliyapanga wewe, ukaondoka kabla ya kuyaona.

Ulipopigwa na kiharusi mimi nilikuwa chuo cha ualimu. Pale misheni walikulaza wiki chache, wakasema mkono na mguu wa kushoto havitarudi, kilichobaki ni kutunzwa tu, na kwamba wao wangekutunza. Ukakataa. Ulisema mwanaume mzima hawezi kuoshwa na masista. Baba mdogo Maganga akakulaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akakuvusha mbuga mpaka kwa Ngassa mganga, na huko ukakaa miaka miwili ukioshwa kila asubuhi na mwanamke, tena mke wa mtu. Sijui tofauti uliyoiona. Labda masista hawakuwa na muda wa kukusikiliza unavyojisifu.

Ngassa alikuchimbia dawa mwezi wa kwanza. Ukanywa, ukafukizwa, ukachanjwa. Kisha akachoka nawe, akarudi kwa wagonjwa wa kupona. Aliyebaki nawe ni mke wake mdogo, Mama Limi, ambaye hakuwa na ruhusa ya kuchoka. Alikulisha, alikufulia, alikugeuza usitoke vidonda. Yote hayo nilikuwa nayajua nusu nusu, kama mtu anavyojua mambo ya nyumba aliyoiona wakati wa likizo.

Kiharusi hakikuugusa ulimi wako. Ziko siku najikuta nikiwaza kwamba kingeugusa ingekuwa heri.

Nilipoanza kazi nilikuwa nakutumia sabuni. Unakumbuka sabuni ilivyoadimika. Nilipanga foleni kwenye duka la ushirika toka alfajiri, na nikipata mche mmoja nilikuwa naukata, nusu yangu, nusu yako, nampa dereva wa lori la pamba akuletee. Nimekuja kujua baadaye kwamba nusu hizo zote ulikuwa unampa Ngassa ili azidi kukuheshimu, na Mama Limi akawa anakuosha kwa maji ya majivu. Vidole vyake vilichubuka. Wewe ulikuwa na sabuni, Baba, ukaitoa zawadi kwa mtu asiyekushika hata bega.

Na nilipokuja kukuona ulikuwa unawaita wagonjwa wenzako waje kunitazama. Nilipiga magoti, nikakuamkia, nawe hukumaliza hata kuitikia, ukawageukia wao. "Huyu ndiye benki yangu," ukawaambia. "Iko Shinyanga, haifungwi hata Jumapili." Wakacheka. Nami nilicheka. Nilidhani ni kujivuna kwa mgonjwa asiye na kingine cha kujivunia. Kumbe ulikuwa unaonyesha rehani.

Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu wewe ndiye uliyenisomesha, na hilo sitakunyima. Mgodi wa Geita ulipofungwa wenzako walirudi kwao na redio na mabati. Wewe ulibaki kule na wale vijana wa sururu, mkichokoa mashimo yaliyoachwa, unamuuzia vumbi la dhahabu yule mnunuzi aliyekuwa anapima kwa njiti za kiberiti. Siku moja nilikuwa nawe. Alikuwa amezilowesha njiti zake ziwe nzito, adhulumu kidogo tu, kiasi cha mtu kuona haya kudai. Ukamtazama, ukamwambia kwa upole, "Bwana, moto wako umelowa." Akazibadilisha bila kuinua macho. Ada yangu ya mwaka ule ilitoka pale. Nilitembea nyuma yako kurudi kambini nikijiona mtoto wa mfalme.

Na ndugu zako walipokucheka kwamba unawasomeshea wanaume wa watu mke, uliwajibu nikisikia, "Huyu sitamhesabu kwa mikia ya ng'ombe." Nililala na maneno hayo miaka yote ya bweni. Wenzangu walipoitwa nyumbani kuolewa, mmoja baada ya mwingine, mimi nilikuwa nafungua vitabu bila wasiwasi. Baba mwingine angeniahidi kwa watu nisingeshangaa, ndivyo walivyo. Wewe ulikuwa umenitoa kwenye hesabu. Kisha ukanirudisha, kimya kimya, ukiwa umelala chali kwenye ngozi ya ng'ombe ya mtu mwingine, na hukunitumia hata salamu kunijulisha.

Siku ya kuanua matanga mzee wa ukoo alisimama uani akauliza kama inavyoulizwa kwetu. Nani alikuwa anamdai marehemu, nani alikuwa anadaiwa na marehemu, aseme sasa watu wote wasikie. Atakayenyamaza leo, deni lake limezikwa na mwenyewe. Mwenye duka akataja chumvi na mafuta ya taa, akalipwa palepale. Mzee mmoja akakiri kwamba jembe lako liko kwake. Ngassa alikuwa mbele kabisa, kwenye kigoda, amevaa koti, anatazama ncha ya fimbo yake. Hakusema neno. Nilimshukuru kimoyomoyo. Nilidhani amekusamehe.

Wiki chache baadaye baba mdogo Maganga akanijia shuleni ameshika jogoo. Nilimwamkia, akaitikia kwa furaha kuliko kawaida, akaketi kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu, watoto wakipita na vidumu vyao vya maji.

"Mwanangu," akaanza, "baba yako alikuwa mtu wa akili. Mambo yote aliyamaliza akiwa kitandani."

Akanieleza kama mtu anayeleta habari njema. Matunzo yako ya miaka miwili Ngassa aliyathamini kuwa ng'ombe wawili, mmoja wao mtamba, jike asiyezaa bado. Wewe ukamwambia asihangaike kuwaswaga wawili. Yeye ana mwana, Sitta, nawe una binti. Matunzo yaingie ndani ya mahari, Ngassa aongeze wengine sita juu yake, mambo yaishe. Baada ya mavuno ya pamba watu watakuja kunichukua. Baba mdogo alikuwa amekwisha kuwatafutia wale sita nafasi zizini.

Nikamwambia Sitta ana mke na watoto. Akashangaa kweli. "Si ndiyo vizuri? Utakuwa na wa kukusaidia kazi."

Nikamwambia mimi ni mwalimu. "Hata kule kuna shule," akanijibu. "Tena wanalia hawana mwalimu."

Jogoo akampa mlinzi wa shule amfunge. Sikumla, Baba. Nilimrudisha kwa basi lililofuata, amefungwa miguu.

Najua sheria. Ningeweza kwenda mahakamani, au hata kwa mwenyekiti wa kijiji, na Ngassa asingenipata. Nilipofika kijijini nilikuwa nimedhamiria hivyo. Sengi Holo alinisukumia sahani ya michembe ya viazi vitamu, akaendelea kubangua karanga zake.

"Nenda mahakamani," akasema nilipomweleza. "Utashinda. Halafu watasema umekula matunzo ya baba yako, ukawaitia polisi watu waliomwosha. Utashinda na hutakuwa na pa kurudi. Mimi nikifa utanizika kwa barua."

Nikamuuliza basi nifanye nini, niolewe? Akaniangalia kwa dharau aliyokuwa anakuangalia nayo wewe. "Mmesoma mpaka mmesahau kusikiliza. Siku ya matanga Ngassa alisema nini?"

"Hakusema."

"Basi," akasema sengi, akarudi kwenye karanga.

Ilinichukua muda. Ngassa alinyamaza kwa sababu ya adabu. Kwetu mkwe hadai kwenye matanga ya ukweni; ni aibu, ni kama kula mbele ya maiti. Alijiona amekwisha kuwa mkwe, akakaa kama mkwe. Lakini hakuwa ametoa hata jembe moja la mahari, na mtu asiyetoa kitu si mkwe wa mtu yeyote. Alijivika heshima kabla ya kuilipia. Na kama hakuwa mkwe, basi alikuwa mdai tu kama yule mwenye duka, na mdai aliyenyamaza siku ile deni lake limelala nawe mle chini.

Walikutana kwetu Jumapili baada ya misa. Wazee wa ukoo, Ngassa na watu wake, wanawake nyuma kwenye mikeka. Baba mdogo alizungumza vizuri. Alizungumza juu ya undugu. Alipomaliza nilisimama.

"Mwalimu, kaa chini," akaniambia. "Huku si darasani."

"Mwache aseme," sengi akajibu kutoka mkekani. "Akikosea mtamchapa."

Watu wakacheka, na kicheko kile kikanipa nafasi. Nikamgeukia Ngassa, nikapiga goti, nikamwamkia. Akaitikia. Nikamuuliza kama siku ya kuanua matanga alikuwepo.

"Nilikuwepo. Nyama nilikula."

Nikamuuliza kama alisikia mzee wa ukoo alipouliza nani anamdai marehemu.

"Binti, mimi ni mganga, si kiziwi."

Wakacheka tena, upande wake sasa. Nikamuuliza alijibu nini. Kisha akasema, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto, "Mkwe hadai msibani."

"Mkwe wa nani, babu?"

"Wa marehemu."

"Mahari yangu alipokea nani?"

Niliwaangalia mmoja mmoja. Baba mdogo alikuwa anachora ardhini kwa kijiti. Nikasema, kama babu Ngassa ni mkwe, watu wanionyeshe jembe alilotoa, niende naye leo leo. Kama ni mdai, wazee waniambie deni lisilotajwa kwenye matanga huwa linakwenda wapi.

Wazee walitoka, wakasimama kando ya zizi, wakarudi. Mzee wa ukoo alizungumza kwa huzuni, kwa sababu anamheshimu Ngassa na anamwogopa. Alisema deni limekufa, na posa imekufa nalo. Sitta, aliyekaa nyuma ya baba yake, alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nadhani hata yeye hakuwa ameulizwa.

Ngassa aliondoka bila kumaliza pombe yake. Mganga akifanya hivyo ni onyo, na kwa siku kadhaa watu walikuwa wananitazama waone kama nitaugua. Sikuugua.

Ningependa barua hii iishe hapa, nikushinde, nikuache. Haikuisha.

Nilikuwa nakwenda kisimani na ndoo ya sengi nikamkuta Mama Limi njiani. Alikuwa amewaacha wenzake watangulie. Ni mdogo kuliko nilivyodhani, Baba; nadhani tunalingana. Limi alikuwa mgongoni, amelala.

"Mayu, umesema vizuri," akaniambia, akiniita mama kwa lugha yetu. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Yule mtamba alikuwa wangu."

Ulipoanza kuwa mzito, Ngassa alimwahidi. Mzee huyu akitoka hapa, mzima au maiti, mtamba ni wako. Ndiyo sababu hakukimbilia kwao mwaka wa pili, mgongo ulipoanza kumvunjika. "Kwanza niliahidiwa mtamba," akasema. "Halafu nikaambiwa mtamba amegeuka mke wa Sitta. Nikasema haya, angalau nitapata mwenzangu wa kusaga. Sasa hakuna mtamba, hakuna mke." Akacheka kidogo. "Sikudai. Nakuambia tu, maana wewe umesoma, huenda hukuona."

Ni hapo aliponieleza habari za sabuni. Hakuzieleza kwa ubaya. Alidhani najua.

Nilimchukia, Baba. Nilisimama na ndoo mkononi nikamchukia kwa kuninyang'anya ushindi wangu kabla sijaufikisha nyumbani. Halafu nikakuchukia wewe, kwa sababu uliniacha nipigane na mtu mmoja, na kila ngumi yangu ikampata mwingine.

Kesho yake nilimwendea baba mdogo. Nikamwambia, katika ng'ombe uliowaacha atoe mtamba mmoja, apewe Mama Limi. Siku ile ya kikao alikuwa amenuna. Amepoteza sita wa kuja. Lakini mtu wa ng'ombe hanuni muda mrefu akikumbuka kwamba wawili wa zizini wamepona. Alinisikiliza mpaka mwisho akitafuna mswaki wake.

"Deni limekufa, mwalimu," akasema. "Umeliua mwenyewe, tumeshuhudia wote. Sasa unataka tulifufue? Sisi si waganga."

Akacheka mpaka akakohoa. Na neno lile lilikuwa langu.

Kwa hiyo nimelipa mimi. Nilikuwa nawekea akiba cherehani, ya kukanyaga kwa miguu, ili nishone jioni nisitegemee mshahara mtupu. Fedha hizo, na za pamba ya kile kishamba ninacholima pembeni mwa shule, nimezipeleka mnadani. Sengi alikuja kunichagulia. Alimfungua mdomo kila mtamba pale mnadani mpaka wauzaji wakaanza kumtania kwamba anatafuta mchumba. Tulipata mwekundu, mwenye baka jeupe kifuani, mpole, anayekubali kushikwa masikio.

Sikumpeleka kwa Ngassa. Angemwingiza zizini mwake, na kufikia masika Mama Limi angekuwa anamkamua kwa niaba ya watu. Tulimpeleka Segese kwa kaka yake Mama Limi, tukamkabidhi mbele ya majirani, nikasema kwa sauti huyu ni wa dada yenu, na kila atakayezaliwa ni wa dada yenu. Kaka mtu ni mtu wa maneno machache. Alimpigapiga mgongoni, akauliza anatoka wapi. Sengi akasema, "Anatoka kwa marehemu." Nilitaka kumkatiza. Nilitaka kusema anatoka kwangu. Nikanyamaza, na ninakasirika mpaka leo kwamba nilinyamaza, maana sasa huko Segese unasifiwa.

Mama Limi alikuja siku ya pili yake kumwona. Alimzunguka mara kadhaa, akamwangalia kwato, akamshika kiwele kisichokuwa na kitu bado. "Wabeja, mayu," akaniambia, ahsante, akafunga kanga upya na kujiandaa kurudi kwa mumewe. Nikamsindikiza. Nilikuwa na swali moja, na ni yeye peke yake angelijibu. Nikamuuliza kama uliwahi kujuta. Baada ya kuniahidi kwa Ngassa, katika miezi yote ile uliyobaki hai, uliwahi kusema neno, au kulia, au kukosa usingizi kwa ajili yangu.

Alifikiri. Ningependa angedanganya, na niliona kwamba alilifikiria hilo pia.

"Mayu," akasema, "mgonjwa hajuti. Mgonjwa anataka kugeuzwa."

Nimekaa na jibu hilo tangu siku ile. Silipendi. Nikiwasahihishia watoto madaftari linakuja. Nakuona umelala upande mmoja tangu usiku, mkono umekufa chini yako, unasikiliza kama kuna nyayo, na unajua kwamba siku yoyote yule mwanamke anaweza kuchoka, akakuacha ulivyo. Nakuona unatafuta nyumbani mwote kichwani mwako kitu cha kumpa mumewe ili asimwondoe kwako, sabuni imekwisha, na kilichobaki ni mimi. Nakuona vizuri sana. Hata hivyo hukupaswa. Kuona si kusamehe, na sitaki mtu aje kuniambia ni kitu kimoja.

Sasa nakuaga. Nitakuja wakati wa likizo kuujaza udongo ule wa miguuni mwenyewe, kwa jembe lako, ambalo yule mzee amelirudisha. Padri akitaka jina la kuombea siku ya marehemu wote nitampa lako. Kama nitaolewa, watu watatumwa kwa sengi Holo, na mdogo wako atakaribishwa kula wali kama mgeni yeyote. Hayo nakuahidi, na mimi nikiahidi huwa ninamwambia mhusika mwenyewe.

Lala, Baba. Hakuna mtu hapa duniani anayekudai. Mimi na wewe, kwa upande wa ng'ombe, tumemalizana. Kama kuna kingine kati yetu nitakitafuta nikitulia, na kutulia bado.

Binti yako,
Kabula